Nati iliyogoma yaweza kula faida ya msimu mzima

MKULIMA wa nyanya wa Ilula mkoani Iringa anapopiga hesabu za kupeleka mzigo Dar es Salaam, huandika gharama za matenga, vibarua wa kuchuma, kukodi gari, ushuru na dalali. Ni nadra kumkuta ameandika mstari unaosema "nati". Hata hivyo, kila anayesafirisha mazao kwa barabara anajua kuwa gari likipata pancha mbali na mji na nati moja ikakataa kufunguka, hesabu zote hizo huanza kubomoka mbele ya macho yake.

Tuchukulie mfano mdogo. Canter imebeba matenga 120 ya nyanya. Imechelewa siku moja njiani, na kwa kuwa nyanya zimelainika kila tenga limeshuka bei kwa Sh4,000. Hasara hapo ni Sh480,000. Hujamlipa fundi aliyeitwa kutoka mji wa jirani, wala chakula cha dereva na utingo wake. Yote hayo yamesababishwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Mfanyabiashara wa dagaa, mwenye pikapu ya kukusanya maziwa na mwenye trekta la kukodisha wanakutana na tatizo hilo hilo kwa sura tofauti. Kwa mmoja ni nati ya gurudumu, kwa mwingine ni bolti ya kutolea oili, na kwa mwingine ni skrubu ya ngoma ya breki ambayo kichwa chake kimeliwa mpaka bisibisi inazunguka bure. Makala haya yanaeleza kwa nini vitu hivi hugoma, namna ya kuvifungua kwa kuanza na njia isiyo na gharama, na wakati gani ni busara kuweka spana chini na kumwita fundi.

Kwa nini hugoma

Sababu ya kwanza ni kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ndani ya nyuzi za nati hakuna nafasi ya kuvimbia, hivyo kutu hubana kama kabari. Magari yanayohudumia kilimo yapo katika hatari zaidi. Mbolea za chumvichumvi, mkojo wa ng'ombe, maji ya samaki na chumvi ya mwambao huharakisha kutu. Gari lililobeba mbolea au ng'ombe likalala bila kuoshwa chini linaandaa tatizo la mwakani.

Sababu ya pili ni kukutana kwa metali mbili tofauti. Bolti ya chuma iliyofungwa ndani ya aluminiamu, kama ilivyo kwenye sehemu nyingi za injini na baadhi ya rimu, hutengeneza unga mweupe unaoganda kama saruji pale unyevu unapoingia.

Sababu ya tatu ni mikono yetu wenyewe. Nati za magurudumu za magari mengi madogo zinatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni mita 90 na 120. Sasa mchukue mtu mwenye kilo 70 anayesimama kwa uzito wake wote juu ya mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita. Nguvu anayoweka inafika karibu nyutoni mita 340, yaani mara tatu ya inayohitajika. Akichomeka bomba ili mpini ufike mita moja, nguvu inaongezeka mara mbili tena. Mtu huyu anaamini anajihakikishia usalama, kumbe anaivuta bolti mpaka inachoka, na siku ya kufungua hukatika.

Sababu ya nne inahusu skrubu zenye alama ya msalaba. Msalaba wa Phillips, uliopewa jina la Mmarekani Henry Phillips na kuenea kuanzia miaka ya 1930, haufanani kabisa na msalaba uliowekwa na viwango vya Japani. Kwa macho ni ndugu, lakini ncha ya bisibisi ya Phillips haikai mpaka chini kwenye skrubu ya Kijapani. Ukiizungusha kwa nguvu hupanda juu na kukwangua kona. Kwa kuwa magari mengi tunayotumia yametoka Japani, skrubu nyingi zinazosemwa kuwa mbovu zimeharibiwa na bisibisi isiyo yake. Skrubu nyingi za Kijapani zina kidoti kidogo pembeni ya msalaba.

Kabla ya kutumia nguvu

Jambo la kwanza ni kuhakikisha unazungusha upande sahihi. Nati nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Lakini malori mengi ya Kijapani, yakiwamo matoleo mengi ya Canter, Fuso na Isuzu, yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kuelekea upande ule ule wa mwendo wa saa. Tazama mwisho wa bolti. Mara nyingi pamechapwa herufi L kwa upande wa kushoto na R kwa upande wa kulia. Utingo asiyejua hili anaweza kuongeza bomba na kuita wapita njia wamsaidie, kumbe kila wanaposukuma wanazidi kukaza, mpaka bolti inakatika.

Pili, legeza nati za gurudumu gari likiwa bado limekanyaga chini, huku limewekewa vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Jeki ifuate baadaye. Gari lililo juu ya jeki halivumilii kusukumwasukumwa, na watu wamepoteza maisha kwa kupuuza hili.

Tatu, chagua kifaa kinachoenea. Soketi ya pembe 6 hushika ubapa wa nati, wakati ya pembe 12 hushika kona na kuzila haraka. Usichanganye vipimo vya inchi na milimita. Spana ya inchi 9/16 ina upana wa karibu milimita 14.3, inaingia kwenye kichwa cha milimita 14 bila shida, lakini uwazi huo mdogo unatosha kukivuruga kichwa kilichoshika kutu. Kwa skrubu, safisha kwanza tope na kutu ndani ya msalaba kwa msumari au ncha ya waya ili bisibisi izame mpaka mwisho.

Nne, na hili ndilo kubwa: spana au bisibisi ikiteleza mara ya kwanza, acha. Kichwa bado kina uhai. Ikiteleza mara ya tatu umeshahama kutoka tatizo la dakika 20 kwenda tatizo la nusu siku.

Mafuta, nyundo na subira

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni mafuta mepesi na muda. Madukani kuna mafuta ya kupenyeza yanayouzwa kwenye makopo ya kupuliza. Pasipo na kopo, changanya mafuta ya taa na oili kidogo. Sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, weka mafuta, gonga kidogo, subiri dakika 15, kisha weka tena. Kama kazi si ya dharura, weka jioni na ufungue asubuhi. Angalia tu yasidondokee kwenye bitana au diski za breki, kwa kuwa breki yenye mafuta haishiki.

Kugonga kuna kazi yake. Pigo la nyundo lililonyooka juu ya kichwa cha bolti hupasua kutu ndani ya nyuzi na kufungua njia ya mafuta. Kwa nati, weka nyundo nzito upande mmoja na ugonge kwa nyundo ndogo upande wa pili, ukizunguka pande zote. Usigonge mwisho wa bolti wenye nyuzi bila kuukinga, utaziponda na nati haitapita.

Unapojaribu kufungua, anza kwa kukaza kidogo sana, kiasi cha kusikia imetikisika, ndipo urudi nyuma. Ikianza kutembea usiikimbize. Robo mzunguko mbele, nusu kurudi, mafuta, tena. Bolti nyingi hukatika wakati mwenyewe ameshashangilia.

Kwa skrubu za ngoma au diski za breki kuna kifaa kinachostahili kuwamo kwenye kila gereji: bisibisi ya kugonga. Hiki hupigwa nyundo mgongoni, na kila pigo huisukuma ncha ndani ya skrubu huku kikiizungusha. Skrubu iliyoshindikana kwa mkono hufunguka kwa mapigo machache, mradi ncha ni ya saizi yake.

Ngoma ya breki yenyewe ikiwa imeganda baada ya skrubu kutoka, usiivunje kwa nyundo. Hakikisha breki ya mkono imelegezwa, kisha tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake. Magari mengi ya Toyota yanayo, na hupokea bolti za milimita 8. Ukizikaza mbili kwa zamu, ngoma inajisukuma yenyewe kutoka nje.

Joto hutumika kwa akili

Chuma kikipata joto hutanuka. Ukipasha nati, si bolti, nati hupanuka na kulegeza mshiko. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na ndiyo maana bolti ya chuma iliyoganda kwenye aluminiamu mara nyingi hukubali pale unapoipasha aluminiamu yenyewe.

Lakini moto si wa kuchezea. Usiutumie karibu na tangi au mabomba ya mafuta, mabomba ya breki, shokomzoba, mipira na sili za beringi. Usipashe bolti ya gurudumu mpaka iwe nyekundu halafu ukaendelea kuitumia. Ugumu iliyopewa kiwandani unapotea na itakuja kukatika ikiwa na mzigo. Usipashe kitu kilichotoka kupuliziwa dawa ya kusafishia breki, kwani baadhi ya dawa hizo hutoa gesi ya sumu zikipata moto, na nyingine huwaka papo hapo.

Kichwa kikiwa kimeshaliwa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ingawa bado zipo njia kadhaa. Kwa skrubu nyepesi, kama za taa, namba ya gari au vifuniko vya ndani, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke juu ya kichwa na ukandamize bisibisi juu yake. Mpira hujaza sehemu zilizoliwa. Njia nyingine ni kupaka pesti ya kusagia valvu kwenye ncha ya bisibisi. Chembe zake huongeza mshiko.

Ikishindikana, kata mfereji mmoja kwenye kichwa kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa pana. Kichwa kilichochomoza kinaweza kushikwa kwa koleo ya kujifunga. Kilichozama kinaweza kuzungushwa kwa tindo: iweke pembeni mwa kichwa, ilaze kuelekea upande wa kufungulia, na ugonge taratibu.

Kwa nati yenye kona zilizoliwa, soketi ndogo kidogo ya pembe 6 iliyogongewa juu yake huweza kushika. Nati iliyokataa kabisa hupasuliwa kwa tindo au mashine ya kukatia, kisha inawekwa mpya pamoja na bolti yake. Kuipoteza nati kwa makusudi ili kuokoa ekseli si hasara.

Skrubu ya ngoma ya breki iliyogoma kabisa hutobolewa kichwa tu. Tumia kekee yenye unene sawa na shina la skrubu. Kichwa kikikatika ngoma inatoka, na kisiki kilichobaki, kwa kuwa sasa hakibanwi na kitu, mara nyingi hutoka kwa koleo. Kwenye magari ya aina hii kazi ya skrubu hiyo ni kuishikilia ngoma au diski wakati gurudumu limetolewa. Gurudumu likifungwa, nati zake ndizo zinazobana. Kwa hiyo huna sababu ya kulilaza gari wiki nzima ukitafuta skrubu hiyo, ingawa fundi mzuri atairudishia.

Bolti iliyokatikia ndani

Bolti ikikatika ikaacha kisiki, mpe kazi fundi wa kuchomelea kwanza. Huweka nati mpya juu ya kisiki na kuzichomelea pamoja kupitia tundu la nati. Njia hii ina faida mbili kwa mpigo: umepata kichwa kipya, na joto la kuchomelea limelegeza kutu. Betri ifunguliwe kabla ya kazi, vinginevyo umeme wa mashine unaweza kuharibu vifaa vya gari.

Pasipowezekana kuchomelea, kisiki hutobolewa. Tupa ilinganishe uso wake, alama ipigwe katikati kabisa, na uanze na ncha nyembamba. Ncha za kekee zinazokata kwa kuzungukia kushoto ni bora zaidi, kwani mara nyingine kisiki hutoka chenyewe wakati wa kutoboa. Baada ya hapo ndipo hutumika kifaa cha kutolea visiki, ambacho mafundi huita ekstrakta. Kitumie kwa mkono mwepesi. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika kama kioo, na kikikatikia ndani kekee ya kawaida haikiwezi. Hapo sehemu nzima yaweza kuhitaji kupelekwa karakana kubwa au kubadilishwa.

Nyuzi zikiwa zimekufa, tundu hukatwa nyuzi upya. Kwa bolti ya kawaida ya milimita 6 tundu hutobolewa kwa milimita 5, na kwa ya milimita 8 hutobolewa kwa milimita 6.8. Nyuzi za zamani zikiisha kabisa huwekwa nyuzi za bandia za waya, ambazo kwenye aluminiamu huwa imara kuliko zile za mwanzo.

Hesabu ya mchumi

Ukiangalia mpangilio huu, kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia na inafunga njia kadhaa za nyuma yake. Mafuta na subira hayaharibu kitu. Tindo huua kichwa. Kekee huua bolti. Ekstrakta iliyokatika huua sehemu nzima. Kanuni ya matumizi ya fedha ni ile ile: maliza njia zinazoacha mlango wazi kabla ya kugusa zinazoufunga.

Tatizo ni kwamba subira nayo ina bei, na bei hiyo hubadilika. Gari likiwa nyumbani baada ya mavuno, usiku mmoja wa kusubiri mafuta yapenye haugharimu kitu. Gari hilo hilo likiwa limesimama Kitonga na nyanya mgongoni, kila saa ina gharama. Ndiyo maana anayengoja nati imgomee njiani hulipa bei ya juu kuliko anayeifungua mwenyewe nyumbani. Kabla ya msimu kuanza, fungua nati zote za magurudumu, moja baada ya nyingine, pamoja na ile inayoshika tairi la akiba. Itakayogoma igomee uani kwako.

Ni vyema pia kuelewana na fundi kabla hajaanza. Muulize atatumia njia gani, na bolti ikikatika nani atagharimia. Fundi mwaminifu hawezi kuahidi kuwa bolti yenye kutu haitakatika, lakini anaweza kukueleza atakachofanya ikikatika. Makubaliano ya dakika mbili yanazuia ugomvi wa siku mbili. Kwa vikundi vya wakulima na wasafirishaji, seti ya soketi za pembe 6, bisibisi ya kugonga yenye ncha za Kijapani na spana ya kupimia nguvu vinaweza kununuliwa kwa kuchanga na kutunzwa mahali pamoja, kama inavyofanyika kwa pampu za kupulizia dawa.

Kufunga ndiko kufungua

Unapofunga, safisha nyuzi kwa brashi ya waya na uanze kwa vidole. Nati isiyokubali vidole mwanzoni inakwambia imeingia upande, irudishe. Bolti za ekzosi na za mabano ya bodi hufaidika na grisi ya shaba. Kwa nati za magurudumu fuata kitabu cha gari, kwa sababu nyuzi zenye grisi hufanya nguvu ile ile ya spana iivute bolti kupita kiasi. Kaza kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na uzikague tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

Usirudishie bolti yoyote utakayoiokota. Namba zilizochapwa kichwani, kama 8.8 au 10.9, zinaonyesha uimara wake, na kadiri zilivyo kubwa ndivyo bolti ilivyo imara. Bolti laini ya kitanda haiwezi kukaa mahali pa 10.9. Vilevile, usiendelee na safari ukiwa na mzigo huku bolti moja ya gurudumu imekatika kwa hoja kwamba tano zimebaki. Hizo tano sasa zinabeba kazi ya sita, na zikichoka hufuatana.

Mwisho wa yote, osha gari chini kila linapotoka kubeba mbolea, chumvi, samaki au mifugo. Ndoo chache za maji na dakika 20 ni gharama ndogo kuliko matenga 120 yanayovuja maji kando ya barabara.